Chumba cha Mwanaheri

Mtanda, Lindi
11 Mei 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, na huyu wa tumboni hajambo kunizidi, maana anapiga mateke tangu alfajiri mpaka ninapopanda bodaboda kwenda kazini. Abdulrazak bado yuko Kilwa Masoko kwa kazi yake ya ujenzi. Anakusalimu sana, na anadai kwamba ufuta uliotuma ni wake, mimi nimepokea kwa niaba yake tu. Umkumbushe siku moja mwenye mama ni nani.

Mzigo umefika salama. Kondo aliuleta mpaka mlangoni, na kama kawaida ya makondakta wa gari lenu, alikunywa chai kwanza ndipo akakumbuka kwamba ana barua yako mfukoni.

Umeniuliza uwajibu nini majirani wanaotaka kujua kazi yangu. Waambie mwanao anapima hewa ya ndani ya nyumba na maduka. Wakicheka, cheka nao. Hata mimi nilicheka nilipoajiriwa. Lakini sikia hii. Juzi tulikwenda Mitwero kwa mzee mmoja mwenye tanuri la mikate. Aliponiona na mashine mkononi alidhani nimekuja kudai kodi, akajifungia chooni, tukaongea kupitia mlango. Wafanyakazi wake kila ikifika adhuhuri wanashikwa na kichwa, mmoja keshakwenda kusomewa visomo vya kila namna. Kumbe mzee ameziba matundu yote ya ukutani ili nzi wasiguse mikate, na hewa chafu ya moto ikawa haina pa kutokea isipokuwa vifuani mwa watu. Tukamwambia azibue matundu ya juu na aweke nyavu. Sasa vichwa vimepona, na yule aliyekuwa akisomewa ameacha. Anayenuna ni shehe wake.

Kuhusu arobaini. Najua unanisubiri, na najua mtoto wa kwanza mahali pake ni nyumbani. Lakini kazi zimekuwa nyingi, na bosi wangu Monika hajapata wa kushika nafasi yangu. Nikishajifungua hapa hospitali, tutaona kama nitaweza kuja kukaa huko. Usinune, Mama.

Mwanao,
Naima


Milola
18 Mei 2025

Mwanangu Naima,

Marahaba. Sisi tu wazima, ufuta umekwisha kukatwa na mbaazi zinachanua.

Hiyo "tutaona" yako nimeisoma nikiwa nimevaa miwani, nikaisoma tena nikiwa nimeivua. Mtu akishasema tutaona, keshaona zamani. Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, darasani na vibibi wenzangu, kwa ajili yako tu ulipokwenda shule ya bweni, ili barua zako nisisomewe na watu. Sikujifunza ili nije kuandikiwa tutaona.

Kama ni mkweo wa Mitwero anayekutaka, sema. Bi Esha ni mtu mwema, lakini kukanda mzazi hajui, anabonyeza kama anakanda unga wa chapati. Wazazi wa hapa Milola wamepita mikononi mwangu, mama na binti zake, wakatoka arobaini wamenona na migongo imenyooka.

Na kama unaionea haya nyumba yetu, subiri uione sasa. Kile chumba cha matofali nimekifungua. Unakijua ulivyokikuta, ghala la magunia. Marehemu mume wangu alikijenga kwa fedha za korosho, cha kwanza cha saruji upande wetu huu, na hakukiweka dirisha kwa sababu ya wezi. Wazazi wengine wote nimewalea kwenye nyumba ya zamani ya udongo na makuti. Lakini mama yako Mwanaheri alipokuzaa, nilisema mdogo wangu halali kwenye vumbi, atalala kwenye saruji kama bibi harusi. Alikaa humo siku chache, Mungu akamchukua. Watu wakasema ni mkono wa mtu, na chumba kina mwenyewe. Tukatia magunia.

Nimechoka, Naima, kukiogopa chumba changu mwenyewe. Ile nyumba ya udongo mvua za mwaka huu zimeiangusha ukuta. Kwa hiyo nimekipaka hiki chokaa, na fundi kanitilia mlango mpya unaoshika barabara, hata pumzi ya sisimizi haipiti. Ataanza Ziada, mke wa Hussen jirani yetu, wiki ijayo akitoka zahanati na mwanawe. Akimaliza yeye, chumba kitakuwa kimezoea watu, nawe utakuja. Jiko lipo, mkaa upo, udi upo. Wewe lete mtoto tu.

Usinipigie simu kwa mambo haya. Mtandao wangu uko juu ya kichuguu, na nikisimama pale kuongea na wewe watu wanatoka majumbani kuja kusikiliza.

Mama Mkubwa wako,
Sada


Ujumbe wa simu, Naima kwa Abdulrazak
21 Mei 2025

Baba mtoto, soma yote, usiruke kama kawaida yako.

Unakumbuka mafunzo ya mwaka jana, siku niliyorudi nikalala bila kula nikakwambia kichwa kinauma? Siku ile walitufundisha sumu ya mkaa. Jiko la mkaa likiwekwa ndani ya chumba kisichopitisha hewa, linatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huoni moshi, hukohoi. Unaumwa kichwa, unatapika, unalegea, unalala. Mkufunzi akachora ubaoni chumba cha saruji, hakina dirisha, jiko chini ya kitanda. Nikakiona chumba cha mama yangu.

Maisha yangu yote nimeambiwa Mwanaheri aliuawa na mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu. Ni jiko, na jiko aliliwasha Mama Mkubwa, dada yake, aliyempenda kuliko macho yake. Hajui. Nami niliapa hatajua kutoka kinywani mwangu, ndiyo sababu napiga chenga nisiende Milola.

Sasa anakiandaa chumba kilekile kwa ajili yangu, na wiki ijayo anamweka Ziada na kichanga. Nikinyamaza, Ziada na mwanawe watakufa. Nikisema, Mama ataelewa palepale ni nani aliyemuua mdogo wake. Nifanyeje?


Abdulrazak kwa Naima
Siku hiyohiyo

Mke wangu, nimesoma yote nikiwa juu ya jukwaa, mpaka mwenzangu ananiuliza nani kafa. Mwambie ukweli. Mama yule ana kifua cha kubeba mambo. Mimi aliniuliza mbele ya washenga kama nakoroma. Mtu wa hivyo hafichwi kitu.


Naima kwa Abdulrazak

Nimepata njia. Ofisini tuna kengele za kupimia hiyo sumu, zinalia ikizidi. Nitampelekea moja, lakini sitamwambia ni ya nini.


Abdulrazak kwa Naima

Hapo ndipo utakapoharibu. Lakini nakupenda. Haribu taratibu.


Mtanda, Lindi
24 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nimempa Kondo kazi ya kukuletea zawadi, nimemwambia chai yake ataikuta kwako. Ni saa ya joto. Mjini siku hizi zinatumika kwenye vyumba vya wazazi. Itundike ukutani usawa wa kitanda cha Ziada. Joto la chumba likifika kiasi, saa inalia. Ikilia, toa jiko nje na uache mlango wazi mpaka inyamaze. Betri nimeshatia, wewe usifungue kitu.

Tafadhali usisahau mlango, Mama. Ikilia tu, mlango. Nataka uizoee kabla sijaja, maana nikija na mimi nitaitumia. Umeona nimesema nikija? Sasa futa ile tutaona.

Mwambie Ziada nampongeza. Mtoto wamempa jina gani?

Mwanao,
Naima


Milola
9 Juni 2025

Mwanangu,

Saa yako imenipa heshima kijijini. Siku ya kwanza jiko lilipokolea, ikalia. Wanawake walikuwa wamekuja kumtazama mtoto, nikawaambia mnasikia, chumba cha Sada kimepata joto la kutosha, mashine ya mjini imeshuhudia. Wakapiga vigelegele. Tangu hapo kila mgeni anauliza, "Leo imelia?"

Mwanzo nilikuwa natoa jiko kama ulivyosema. Lakini mlango ukiwa wazi upepo unaingia, na mzazi akipigwa na upepo tumbo halirudi. Nikasema moyoni, huyu mwanangu mashine anazijua, uzazi hajaujua bado, nitamfundisha akija. Kwa hiyo sasa mlango siufungui, na nikiona imechelewa kulia naongeza mkaa kidogo, ili tusipunjike joto. Tatizo ni kelele. Jana ililia bila kunyamaza na Ziada alitaka kulala, nikaitoa barazani. Ikanyamaza baada ya muda kidogo, kama mtoto aliyekuwa anataka kubebwa nje. Nimeiacha hukohuko.

Ziada ana kichwa tangu juzi na chakula hakikai tumboni. Nadhani ni macho ya watu, wamekuja wengi mno, na wewe unawajua wa huku wanavyotazama. Nimemfukizia udi. Mtoto wao wamempa jina Salum, na ni mtoto mwema ajabu. Halii kabisa, analala tu. Nimemwambia Hussen ana bahati, maana wewe ulinitesa kwa kulia.

Karanga zilizo ndani ya mfuko ni zako, usimpe Abdulrazak.

Mama Mkubwa wako,
Sada


Ujumbe wa simu, Naima kwa Abdulrazak
10 Juni 2025

Kondo kaleta barua asubuhi hii. Sikumaliza hata kuisoma. Nimempigia Hussen, alikuwa shambani. Nikamwambia kimbia nyumbani kwa Mama, toa jiko, mbebe mkeo na mtoto uwapeleke nje kwenye hewa, usimsikilize mtu yeyote, halafu zahanati.

Amenipigia sasa hivi. Ziada anaongea. Mtoto amelia. Sijawahi kufurahi hivi kusikia mtoto wa watu akilia.

Usiniambie ulisema. Najua ulisema.


Abdulrazak kwa Naima

Sisemi. Kaa chini, kunywa maji. Kisha umwandikie, na safari hii umwandikie yote.


Milola
12 Juni 2025

Naima,

Hussen aliingia nyumbani kwangu bila hodi. Kijana niliyemtahirishia watoto, niliyempa mbegu mwaka wa njaa, aliingia chumbani kwa mzazi na viatu vya shamba, akapiga jiko teke mpaka makaa yakamwagika uani. Akambeba mkewe mbele ya watu kama anamtoa kwenye nyumba inayoungua. Namwuliza kuna nini, ananijibu, "Mama, Naima kasema chumba kinaua." Majirani wote walikuwepo, na walewale waliopiga vigelegele ndio walioziba vinywa kwa kanga.

Nesi wa zahanati alipoiona zawadi yako kaniambia ile si saa. Kasema ni kengele ya sumu. Kwa hiyo mimi nilikuwa najisifu kwa watu kila sumu ilipokolea, na aliyenipa cha kujisifia ni wewe. Mimi nilikulea, Naima. Ulipokuwa na surua nilikubeba kwa miguu mpaka barabara kuu. Hata siku moja sikukupa dawa chungu nikakwambia ni asali.

Ungekuwa mdogo ningekuchapa. Una mtoto tumboni, basi nakununia tu. Niandikie ukweli, na uandike kwa herufi kubwa, macho yangu yamevimba.

Sada


Mtanda, Lindi
15 Juni 2025

MAMA YANGU,

Shikamoo. Nakupigia magoti kwa karatasi kwa sababu tumbo haliniruhusu kuyapiga chini. Nisamehe. Hussen nilimtuma mimi, na lile teke ulidai kwangu. Nilikudanganya, nikakaribia kumuua Ziada na mwanawe kwa uongo wangu.

Ukweli ni huu. Mkaa ukiwaka unatoa hewa ya sumu. Haina moshi, haina harufu, macho hayaioni. Mahali penye uwazi inapanda na kuondoka zake. Chumbani kusiko na pa kutokea inajaa, na mtu anaivuta akidhani anavuta hewa. Kinachotangulia ni kichwa, kisha kutapika, kisha usingizi. Udi hauitoi, unaiongezea. Mtoto anayelala bila kulia humo si mtoto mwema, ni mtoto anayezimika.

Sasa sikiliza, Mama, hapa ndipo ninapotaka unielewe. Mila yako haikuwa na kosa. Ile nyumba ya zamani ilikuwa na makuti juu na nyufa kwenye udongo, na pale ukuta unapokutana na paa mkono ulikuwa unapita. Nyumba yenyewe ilikuwa inapumua kwa niaba yenu. Ndiyo maana wazazi wote uliowalea humo walitoka wazima na majiko yao. Jiko ni lilelile na mikono ni ileile, ila nyumba imebadilika. Saruji na mlango unaoshika havipumui. Hakuna aliyekuja kukwambia, na mimi niliyejua sikukwambia.

Ziada hajambo, Hussen kaniambia. Anakuulizia, mgongo unamuuma.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Mwanao,
Naima


Milola
27 Juni 2025

Mwanangu Naima,

Umeeleza vizuri kama mwalimu. Lakini umepita pembeni mwa shimo kwa kunyata ukidhani silioni. Umeandika kwamba wazazi wote wa nyumba ya udongo walitoka wazima. Mimi nilimlea mmoja kwenye saruji.

Nitakusimulia, maana hujawahi kusimuliwa. Ilikuwa mchana wa mvua. Mwanaheri aliniambia, "Dada, kichwa." Nikamwambia ni uzazi, kitaisha. Akasema anaona baridi, nikaongeza mkaa. Wewe ulikuwa unalia hunyamazi, na yeye alitaka kulala, nikakubeba nikakutoa barazani. Nikaurudisha mlango nyuma yangu, nikatia kanga chini yake ili upepo usimpate. Nilikuimbia mpaka ukalala. Kisha nikaingia kumwambia mwanao amelala. Nilimwita. Nikamwita tena.

Miaka yote hii nimekuwa nikimtafuta aliyemroga mdogo wangu. Nimetazama nyuso za watu msikitini, kisimani, kwenye vilio. Nimelisha waganga kuku. Kumbe aliyeurudisha mlango ni mimi, kwa mkono huu ninaoandikia.

Nilijua unanificha kitu. Sasa najua ni kwa nini, na sikulaumu. Ulinihurumia.

Chumba nimekifunga. Sikandi mzazi tena, nimewaambia watu nimezeeka. Wewe nenda Mitwero kwa Bi Esha. Mvumilie akibonyeza, atajifunza. Usije Milola, Naima. Siwezi kukugusa wewe na mtoto wako huku najua nilichomfanyia mama yako.

Sada


Mtanda, Lindi
1 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Umenikataza nisije. Tangu lini umenikataza kitu nikasikia?

Ni kweli. Nilijua tangu mwaka jana nikakaa kimya. Nilitaka nife na lile neno tumboni kuliko wewe uishi nalo. Nimejipekua kama mtu anayetafuta pesa kwenye nguo za kufua, nione kama nina hasira na wewe mahali. Nimegeuza mifuko yote, sina. Namlilia Mwanaheri, na leo nimemlilia kuliko siku zote, kwa sababu sasa najua alisema nini siku ile. Lakini hasira sina.

Mama, mimi nimesoma. Nina mashine, nina cheti kimetundikwa ukutani. Na bado nilikaa hapa nikaandika uongo kwa sababu nakupenda, na uongo ule ukamtia Ziada kitandani akitapika. Wewe hukuwa na mashine wala cheti. Uliongeza mkaa kwa sababu mdogo wako alisema anaona baridi. Kama wewe ni muuaji, mimi ni nani? Sote wawili tulimpenda mtu tukamfungia mlango. Tofauti ni kwamba mimi Mungu alinipa Hussen mwenye mbio.

Na kuna jambo umelisimulia mwenyewe ukalipita. Humo chumbani tulikuwa wawili. Ulinibeba ukanitoa. Hukujua unachofanya, sawa, lakini mimi niko hai na mtoto anapiga mateke kwa sababu ya mikono hiyo unayotaka kuifungia. Ukinipeleka kwa Bi Esha utakuwa umenitoa tena barazani, na safari hii hutaniimbia.

Nakuja Milola. Nikitoka hospitali nakuja na mtoto wangu, na Abdulrazak atatuleta mwenyewe. Ukiufunga mlango nitakaa uani mpaka watu wakuulize. Ninachokuomba ni hewa ipite mahali nitakapolala, na jiko lisivuke kizingiti. Mengine yote nayataka kama walivyoyapata wenzangu: kukandwa kwa maji ya moto mpaka nipige kelele, kufungwa tumbo, uji wa pilipili manga, na wewe kunigombeza ninapouacha. Sijazaa bado. Nikija unifundishe, si ndivyo ulivyosema?

Mwanao, na sina mama mwingine niliyemjua,
Naima


Milola
20 Julai 2025

Mwanangu Naima,

Barua yako nilikaa nayo siku nyingi. Nilikwenda nayo kaburini kwa mama yako, nikamsomea yote, hata pale uliponitisha kukaa uani. Kisha nikaiweka chini nikamweleza la kwangu, la jiko na kanga ya mlangoni, nikamwomba radhi. Nilikaa hadi jua likawa kali. Waliolala hawajibu. Lakini nilipoinuka niliweza kutembea mpaka nyumbani bila kusimama.

Nikamwita Valentini, yule mwashi wa njia ya kisimani. Nikamwambia nataka dirisha kwenye chumba cha matofali. Akauliza la ukubwa gani. Nikamwambia la kupita mtu aliyelala, na wa kumbeba. Akaweka nyundo chini akasema, "Bibi, hilo unalotaka ni mlango." Nikamwambia basi toboa mlango, na ukuta wa pili nitobolee matundu juu kabisa chini ya bati, upepo uingie huku utokee kule. Tofali la kwanza lilipoanguka, mwanga ulifika mpaka kitandani. Nililia mbele ya fundi wala sikujificha. Yeye akajifanya anatafuta futi yake.

Ziada nimemkanda barazani kwake. Hussen kaja kuniomba radhi kwa lile teke, nami nimemwambia ayapige mengine popote atakapoona jiko ndani kwa mzazi. Wanawake wa huku wameanza kuniuliza, nami nawaeleza ya mkaa na saruji. Huanza na jina la Mwanaheri. Sisemi tena alirogwa.

Jiko lipo uani. Maji yatachemka huko nami nitayabeba. Wiki hii nzima nimelala chumbani humo mimi mwenyewe, kwenye kitanda kilekile cha mama yako. Baridi ya Julai inaingia, najifunika blanketi mbili. Kila asubuhi naamka mzima.

Njoo, mwanangu.

Sada